Mandhari dhahania kwa udongo, mchanga na kilifu: vipi kazi isigeuke pambo la ukutani?

KIBARAZANI (Tudor) anauliza:

Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote. Mimi ni mchoraji ninayeishi Tudor, Mombasa, na kwa miaka mingi nimezoea rangi za akriliki juu ya kitambaa. Siku hizi nimeanza kufanya kazi kwa vitu ninavyookota nje: mchanga wa ufuoni, udongo mwekundu wa bara, majani ya bahari yaliyokauka, karara (ala ngumu inayofunika maua) na kilifu (wavu wa nyuzi unaozunguka mashina ya makuti) cha mnazi, vijani vyembamba vya mvinje, na tope jeusi la mikokoni. Nia yangu ni kutengeneza mandhari dhahania, yaani kazi itakayomfanya mtazamaji auhisi mkono wa bahari unaopenya nchi kavu, ukingo wa mawe na bara lililo nyuma yake, bila ya kumchorea ngalawa, mnazi wala jua linalotua.

Nimekwama mahali pawili. Kwanza, kila ninapobandika vitu hivi ubaoni, kazi inaelekea kuwa pambo la aina inayouzwa kwa watalii: mchanga unajifanya ufuo, jani linajifanya mti, kombe linajifanya ua. Pili, hewa yetu ina chumvi na unyevunyevu, na hasa wakati wa masika mchanga hubanduka, kilifu huota ukungu, na tope lililokuwa jeusi tititi hugeuka rangi ya majivu. Ningependa pia kufahamu ni vitu gani ambavyo mtu hana ruhusa ya kuviokota. Mwenye ujuzi naomba anieleze, hata kwa kirefu.

MWALIMU WA KISAUNI anajibu:

Wa aleikum salaam, ndugu Kibarazani. Nitalishika swali lako la kwanza tu, kwa sababu la pili wapo humu wanaolijua zaidi yangu.

Kwa maelezo yako, vitu ulivyookota umevipa kazi ya rangi. Umechukua mchanga ukautumia pale ambapo zamani ungepaka rangi ya mchanga, na kwa hiyo picha iliyopo kichwani mwako imebaki ile ile, isipokuwa sasa imebandikwa badala ya kupakwa. Mchanga tayari ni ufuo. Haukuhitaji kukatwa umbo la ufuo ndipo ueleweke. Kinachobaki kwa msanii ni kuamua kiasi, mwelekeo, uzito, ukingo na nafasi tupu, na maamuzi hayo yatakuwa na nguvu zaidi ukiyachota katika mpangilio ambao ardhi yenyewe inao kuliko ukiyabuni mezani.

Mombasa imebahatika kuwa na mipangilio ya namna hiyo iliyo wazi kwa kila mtu. Teremka kutoka Mazeras, upande wa bara, hadi kisiwani na utazame kingo za barabara zilizochimbwa. Mazeras kuna jiwe la mchanga, lile lile linalokatwa vibamba na kutandikwa kwenye nyua za nyumba. Ukifika Changamwe unakutana na mwamba laini wa kijivu, wa tabaka nyembamba, uliotokana na matope ya bahari ya kale sana. Kisha kisiwani unakanyaga jiwe la matumbawe, ambalo lilikuwa mwamba hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Juu ya baadhi ya vilima vya nyuma ya pwani umetandazwa mchanga mwekundu ambao wanajiolojia wanauita mchanga wa Magarini. Chukua ubao mrefu na mwembamba, uvipange hivyo kwa utaratibu wa njia yenyewe, kila kimoja kwa upana unaolingana na masafa yake, wala usichore chochote. Hiyo ni mandhari kamili, na hakuna atakayeiita pambo.

Mpangilio wa pili uko ufuoni, na mimi ndio ninaoupenda zaidi. Katika siku za bamvua, mwezi uwapo mwandamo au mpevu, maji hujaa hadi juu kabisa na kuacha mstari wa majani ya bahari, vijiti na vifuu. Siku zinazofuata, kadiri tunavyoelekea maji mafu, yaani siku za kujaa kudogo, maji hayafiki tena pale, na kila kujaa huacha mstari mpya chini kidogo ya ule wa jana. Ukisimama Nyali au Shelly Beach utaona mistari mitatu, minne, mitano, wa juu umekauka na kuwa mweusi, wa chini ungali kijani na unyevu. Kalenda hiyo ya mwezi imeandikwa kwa takataka, na inakupa mdundo wote unaouhitaji: mistari iliyo karibu sambamba lakini isiyolingana, minene hapa, imekatika pale. Ukiifanya juu ya ubao, usiinyooshe kwa rula. Angalia pia kwamba nafasi iliyo kati ya mistari ni kubwa kuliko mistari yenyewe. Wanafunzi wangu karibu wote hujaza nafasi hiyo, na hapo ndipo kazi hufa.

Kuna masharti ambayo huwapa ili wasirudie mazoea. Vitu visizidi vitatu katika ubao mmoja. Kitu kisikatwe kwa mkasi kupata umbo; kama ni lazima kipunguzwe, kivunjwe au kipasuliwe, kwa sababu ukingo uliopasuka hueleza namna nyuzi za kitu hicho zilivyokaa. Mstari mmoja wa mlalo unaogawa ubao juu na chini uepukwe mwanzoni, kwa kuwa jicho huona upeo wa macho mara moja na kuanza kutafuta mbingu. Na makombe, kusema kweli, ningeyaacha kabisa. Kila kombe limekwisha kuwa umbo kamilifu na huvuta jicho lote kwake, hata ukiliweka pembeni.

Ukitaka mfano wa msanii mkubwa wa nchi yetu, tazama sanamu za Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Katika baadhi yake ametumia udongo mwekundu uliochanganywa na rojo ya karatasi, pamoja na matawi na vipande vya miti, na udongo ule umeachwa ubaki udongo, na mtu akisimama mbele yake anaiona ardhi iliyotoka. Yeye hufanya maumbo ya viumbe, wala si mandhari, lakini somo la kuuheshimu udongo ni lile lile.

MWANA WA MTONGWE anajibu:

Ndugu Kibarazani, mimi nitaongeza upande wa ufundi, na nitaanza na chumvi kwa sababu ndiyo inayoharibu kazi nyingi za hapa kwetu kuliko ukungu na wadudu kwa pamoja. Chumvi iliyobaki ndani ya mchanga huvuta maji kutoka hewani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi mchanga hulowa, hewa ikikauka chumvi huganda tena kuwa vijiwe vidogo, na kulowa na kuganda huko, mara kwa mara, ndiko kunakoisukuma gundi mpaka ikaachia. Kwa hiyo mchanga, tope, vijiti na majani ya bahari vyote visuuzwe kwa maji matamu, maji yakimwagwa na kubadilishwa, hadi ukionja usipate ladha ya chumvi. Tumia maji ya mvua ukiweza. Maji ya visima vingi vya mjini hayafai kwa kazi hii kwa kuwa yana chumvi, nanyi wenyeji mnajua chai yake ilivyo.

Udongo usitumike kama ulivyochimbwa. Uvunjevunje, uloweke ndani ya ndoo, ukoroge kwa nguvu, kisha usubiri kidogo tu ili mchanga na vijiwe vizame. Yale maji mazito yaliyobaki juu uyamimine katika chombo kingine na uyaache yatulie mpaka udongo laini ukae chini. Mwaga maji safi ya juu, anika kile kilichobaki, kisage kwenye kinu au juu ya kioo. Huo ndio unga wa rangi, na rangi yake haipaukii jua kwa sababu wekundu wa udongo ni oksidi ya chuma. Udongo wa manjano nao una chuma, ila chuma chake kimeshikana na maji. Uukaange juu ya jiko la makaa katika kikaango cha zamani na utauona ukigeuka taratibu kuwa mwekundu kadiri maji hayo yanavyotoka. Ukiutoa mapema na mwingine ukauchelewesha, udongo wa shimo moja utakupa rangi nne au tano zinazopatana bila shida, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa kushikilia unga huo nafanya hivi: gundi ya mgunga, ile inayotoka maeneo ya kaskazini ya nchi na kuuzwa kwa vipande, sehemu moja kwa uzani katika sehemu mbili za maji ya moto, iachwe usiku kucha na kuchujwa kwa kitambaa. Naongeza asali kidogo ili isipasuke ikikauka, na matone machache ya mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Rangi hii ni nzuri kwa tabaka nyembamba. Ukitaka udongo unene kiasi cha kuonekana umeinuka, tumia gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, na uchanganye mchanga mwingi ndani ya udongo, kwa maana udongo mtupu husinyaa unapokauka na kupasuka vipandevipande. Mipasuko hiyo si mibaya ukiitaka. Tope la ufuo wa mikokoni hupasuka hivyo hivyo. Basi iwe umeamua wewe.

Kuhusu tope lako lililopauka, hakuna dawa. Weusi wa tope la mikokoni hutokana na mchanganyiko wa chuma na salfa unaojengeka pale ambapo hewa haifiki, na ndiyo maana tope hilo hunuka yai bovu ukilichimbua. Likikutana na hewa, mchanganyiko huo huvunjika na weusi huondoka. Kwa rangi nyeusi inayodumu saga makaa ya vifuu, ambayo hutoa weusi mzito sana. Njia nyingine ni kuchemsha maganda ya komamanga, kisha kuyachanganya na siki iliyolowekwa misumari yenye kutu. Maji hayo yakipakwa juu ya mbao au kilifu hugeuka nyeusi mbele ya macho yako. Yasipakwe juu ya kitambaa chembamba cha pamba, kwani baada ya miaka hukila.

Bizari ya manjano na maua ya rosela viacheni jikoni. Rangi zake ni za kupendeza kwa muda mfupi, kisha mwanga huzimaliza.

Kilifu na karara zikaushwe juani, zifungwe ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na ziwekwe kwenye friza kwa wiki mbili ili wadudu na mayai yao wafe. Ndipo zifunguliwe na kuanikwa tena. Usizibandike kwa gundi uso mzima. Nyuzi za mimea hutanuka na kusinyaa kila hali ya hewa inapobadilika, na gundi ngumu haizifuati, kwa hiyo zishone ubaoni kwa kamba nyembamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) au ya mkonge kupitia matundu madogo. Mishono yenyewe itakuwa sehemu ya mchoro, na nadhani hata Mwalimu hataikataa. Ubao wa plaiwudi upakwe pande zote mbili pamoja na kingo zake, la sivyo utapinda, na unapoutundika weka vipande vya mbao nyuma yake ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Tahadhari ni chache lakini ni za kweli, ukija kuongeza vitu vingine. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya, na maganda mabichi ya kanju (korosho) yana mafuta yanayobabua ngozi. Chokaa mbichi nayo huunguza.

BAHARI YETU anajibu:

Nalijibu swali la ruhusa kwa ufupi. Eneo la bahari lililo kati ya mkono wa bahari wa Mtwapa na ule wa Tudor lina Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ndani ya hifadhi hiyo usiokote chochote, hata kombe tupu wala kipande cha tumbawe lililokufa. Hata nje ya hifadhi, matumbawe yaacheni: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mnunuzi wa ng'ambo atakayesafiri na ubao wenye matumbawe bila ya vibali anaweza kupata taabu uwanja wa ndege. Makombe matupu nayo ni nyumba za kaa wadogo wasio na gamba la kutosha mgongoni.

Mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na kuikata kunahitaji leseni. Kuambua gome la mti ulio hai ni kuuua, kwa hiyo mwenye kutaka gome la mkandaa kwa ajili ya rangi yake ya hudhurungi aende kwa wauza boriti akaombe mabaki yaliyodondoka ghalani. Jambo la mwisho ni la Mji wa Kale: nimesikia watu wakisifu ile chokaa ya kuta za zamani. Hilo ni eneo la urithi, na Ngome ya Yesu iliyo jirani imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2011. Asibanduliwe mtu ukuta kwa ajili ya picha.

BINTIMAZERAS anajibu:

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwa wengine. Naomba nitofautiane nanyi kidogo, kwa sababu nyote mmechukulia kwamba ni lazima vitu hivi viletwe nyumbani na kubandikwa. Mwaka 1967 Mwingereza Richard Long, akiwa bado mwanafunzi, alitembea huku na huko juu ya nyasi za uwanja mmoja mpaka mstari ulionyooka ukaonekana, akaupiga picha, akaondoka. Hakuokota wala kubandika kitu. Andy Goldsworthy naye, Mwingereza pia, amejenga jina kwa kazi za majani, mawe na barafu ambazo nyingi huachwa ziharibike pale pale zilipofanywa, na kinachofika kwa watazamaji ni picha.

Sisi hatuna barafu ila tuna mti wa mkungu. Majani yake kabla hayajadondoka hupita kijani, manjano, rangi ya machungwa, hadi wekundu wa damu, na chini ya mti mmoja wa barabarani utapata daraja zote hizo asubuhi moja. Yapange kwa mfululizo wa rangi juu ya mchanga mweupe, kutoka mstari wa maji kuelekea juu, na hutahitaji gundi wala karafuu. Baada ya siku chache yangekuwa ya hudhurungi hata ungeyafanyia nini, kwa hiyo ufuo ndio mahali pake.

Kazi ya namna hii inataka mtu aijue bahari. Kwa pwani yetu maji ya bamvua hupwa sana katikati ya asubuhi, siku chache baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4 katika bamvua kubwa, ndiyo maana eneo unalopewa ni pana sana, na pia ndiyo maana halikungoji. Picha ipigwe jua likiwa chini. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la adhuhuri hufuta vivuli vyote na mchanga huonekana bapa.

KIBARAZANI anaongeza:

Nawashukuru sana, na nimefurahi kwamba hamkubaliani. Nitaujaribu ule ubao mrefu wa kutoka Mazeras, na mkungu nitaupeleka ufuoni. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mwalimu, je, mtazamaji asiyejua mawe atajuaje kwamba ile mistari ni njia ya kuingia Mombasa? Na kwako Mwana wa Mtongwe: kazi ikimalizika niipake vanishi?

MWALIMU WA KISAUNI anajibu:

Andika majina ya mahali ulipochota kila udongo nyuma ya ubao au katika kibandiko cha pembeni, kwa utaratibu ule ule: Mazeras, Miritini, Changamwe, Makupa. Mkazi wa hapa akiyasoma ataisafiri mwenyewe, na asiye wa hapa atabaki na rangi na ukwaru, ambavyo vinamtosha. Usiipe kazi jina la kishairi.

MWANA WA MTONGWE anajibu:

Vanishi usipake. Uzuri wa udongo ni ule ukavu wake usiong'aa, na vanishi huujaza maji ya macho: rangi hukolea, uso hung'aa, na ule udongo uliokaanga kwa daraja nne utaonekana daraja mbili. Kama kazi itakaa mahali penye watu wengi, iwekee fremu yenye kioo, na kati ya kioo na udongo pitisha vijiti vyembamba vya mbao kuzunguka kingo ili visigusane, kwani kioo kikigusa udongo katika miezi ya mvua unyevu hunaswa hapo na ukungu huanzia pale pale. Fremu ifunguliwe nyuma mara moja kwa mwaka, masika yakishapita, ili ukague mishono na upanguse vumbi kwa brashi laini.